VITABU VINNE VYA KUSOMA NA KIMOJA CHA KUANDIKA



Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sisi tulikuwa tukiusema msemo huu kila siku, na bado mali yetu ikapotea. Kusema si kutenda.

Leo tunataka kukueleza mambo mawili. Kwanza, jinsi duka la kikundi chetu lilivyokaribia kufa, na mwenzetu mmoja akaitwa mwizi. Pili, vitabu vilivyotusaidia kuona kosa letu. Vitabu vinne ni vya kusoma. Cha tano utakiandika wewe mwenyewe kwa mkono wako.

DUKA LETU LILIVYOYUMBA

Kikundi chetu kina watu kumi na wawili. Wote tulijifunza kusoma tukiwa watu wazima. Tulipomaliza kisomo tukasema, basi tusikae bure, tufungue duka dogo. Kila mmoja alitoa shilingi 25,000. Tukapata mtaji wa shilingi 300,000. Tukanunua sukari, chumvi, sabuni, viberiti, mafuta ya kula na unga. Tukamchagua mama mmoja miongoni mwetu awe muuza duka.

Mwezi wa kwanza mambo yalikuwa mazuri. Watu walikuja, duka likachangamka. Mwezi wa tatu rafu zikaanza kuonyesha mbao. Mwezi wa tano tulikutana tuhesabu. Sandukuni mlikuwa na shilingi 41,000. Bidhaa zilizobaki zilikuwa za shilingi 78,000. Jumla shilingi 119,000. Kwa hiyo katika mtaji wetu zilikosekana shilingi 181,000.

Jamani, siku ile tulisema maneno mabaya. Muuza duka alisema, "Ndugu zangu, mnakopa, na wengine wanakopa." Hatukumsikiliza. Mmoja wetu akatamka neno mwizi mbele ya watu. Wengine tulinyamaza, na kunyamaza kwetu kulikuwa ni kukubali. Toka siku hiyo mwenzetu hakuja tena kikundini. Kisimani watu walimnyooshea kidole. Watoto wake waliulizwa shuleni mama yao amezificha wapi hela za watu.

Hakuna aliyekuwa na ushahidi kwamba ameiba. Wala hakuna aliyekuwa na ushahidi kwamba hakuiba. Kwa nini? Kwa sababu hapakuwa na daftari. Mwanzoni kabisa yeye mwenyewe aliomba tununue daftari kubwa la shilingi 2,000. Sisi tukasema hiyo ni gharama isiyo na maana. Lakini kila mwezi kwenye mkutano wetu tulikunywa soda kumi na mbili kwa hela za duka. Soda tulinunua, daftari hatukununua.

KITABU CHA KWANZA: SHUJAA OKONKWO

Duka lilipofungwa, mwalimu wetu wa kisomo alituonea huruma. Akasema, "Msiache kusoma kwa sababu ya ugomvi." Akatuletea kitabu kiitwacho Shujaa Okonkwo. Mwandishi wake ni Chinua Achebe wa Nijeria, aliyekiandika kwa Kiingereza. Kilitoka mwaka 1958. Tafsiri ya Kiswahili ilitoka mwaka 1973. Tulikuwa tunasoma jioni, kila mtu ukurasa mmoja kwa sauti.

Katika kitabu hiki yumo mzee anayeitwa Unoka, baba yake Okonkwo. Unoka alipenda kupiga filimbi kuliko kulima, na alikuwa na madeni kila mahali. Siku moja jirani yake anakuja kudai kauri mia mbili. Kauri ndizo zilikuwa fedha zao. Unoka anacheka sana. Anamwonyesha mistari ya chaki ukutani. Kila fungu la mistari ni deni la mtu mmoja, na kila mstari ni kauri mia. Anamweleza jirani kwamba wako wanaomdai zaidi, na hao ndio atakaoanza nao. Mgeni anakunja ngozi yake aliyoikalia, anakwenda zake.

Tulicheka mpaka machozi. Lakini bibi mmoja hakucheka. Huyu ni mkubwa wetu kwa umri, alijifunza kusoma katika kampeni ya miaka ya 1970, akasahau, akarudi kujifunza tena. Bibi akasema, "Mnacheka nini? Twendeni tukatazame mlango wa duka letu."

Tukaenda na tochi ya simu. Nyuma ya mlango, kweli, ilikuwepo mistari ya mkaa. Muuza duka wetu alikuwa akiandika herufi ya kwanza ya jina la mtu, halafu mistari. Tulikuwa tumeiona siku zote, tukadhani ni uchafu wa watoto. Tukatuma mtu amwite. Alikuja usiku ule ule, ana hasira na ana haki ya kuwa nayo. Akasema, "Kila mstari ni shilingi elfu moja. Haya, hesabuni wenyewe."

Tukahesabu. Mistari ilikuwa 137, maana yake shilingi 137,000. Na katika hiyo, mistari 64 ilikuwa yetu sisi wanakikundi! Yule aliyetamka neno mwizi alikuwa na mistari tisa. Zile soda za mikutano mitano, kila soda shilingi 600, zilikuwa shilingi 36,000. Unga ulioliwa na panya na sukari iliyolowa mvua ilikuwa hasara ya shilingi 8,000. Jumlisha mwenyewe, ndugu msomaji: 137,000 na 36,000 na 8,000. Utapata 181,000. Mtaji uliopotea ulikuwa umepotelea mikononi na midomoni mwetu.

Kwenye herufi M palitokea ubishi, maana watu saba wanaanza na M. Tulikaa mpaka usiku wa manane tukiulizana mistari hii ni ya nani. Hapo tukajifunza kwamba kuandika nusu ni nusu ya kuandika. Deni liandikwe jina kamili, kitu, kiasi na tarehe.

Kitabu hiki kina somo lingine la biashara. Okonkwo hakurithi kitu kwa baba yake. Alipotaka kuanza kulima alikwenda kwa tajiri mmoja, jina lake Nwakibie, akachukua pombe na jogoo kwa heshima. Akaomba mbegu za viazi vikuu. Nwakibie alikuwa amewanyima vijana wengi, kwa kuwa aliwaona wavivu. Okonkwo akampa mbegu mia nane, kwa kuwa alimwona machoni kwamba ni mtu wa kazi. Makubaliano yalikuwa kwamba Okonkwo atapata theluthi moja tu ya mavuno. Kwa hiyo mtaji wake wa kwanza ulikuwa ni kuaminiwa. Leo tunaita mali kauli. Ukivunja kauli yako mara moja, mtaji huo umekwisha.

Mwaka ule jua lilikuwa kali kuliko miaka yote. Mbegu mia nne alizotangulia kupanda zilikauka. Hizo zilikuwa zake mwenyewe. Zile za kuazima zilikuwa bado hazijapandwa, kwa hiyo aliweza kuanza upya. Na sisi wakulima tunajua: usimwage mbegu zote ardhini siku moja, wala hela zote dukani siku moja.

Lakini tusikufiche. Okonkwo alifanikiwa shambani, akashindwa nyumbani. Aliona upole ni udhaifu. Aliwapiga wake zake, alishiriki kumuua kijana aliyemwita baba, na mwanawe mwenyewe akamkimbia. Mwisho wake ni mbaya. Basi usisome kitabu ukaiga kila kitu kilichomo. Chukua bidii yake, ukali wake uache.

KITABU CHA PILI: HEKAYA ZA ABUNUWASI

Hekaya za Abunuwasi wengi wetu tulizisikia utotoni kwa bibi zetu. Ni vizuri kuzisoma tena ukiwa mtu mzima, maana zina akili ya soko.

Iko hadithi ya sufuria. Abunuwasi anaazima sufuria kwa jirani. Anapoirudisha ndani yake ameweka sufuria ndogo. Jirani anauliza, hii ni ya nini? Abunuwasi anasema sufuria yako imezaa. Jirani anafurahi, anazipokea zote mbili bila kuuliza zaidi. Siku nyingine Abunuwasi anaazima tena, mara hii harudishi. Jirani anapodai, anaambiwa sufuria yako imekufa. Jirani anakwenda kushtaki. Abunuwasi anajibu kwamba aliyekubali sufuria kuzaa hawezi kukataa sufuria kufa.

Mzee mmoja katika kikundi chetu, fundi baiskeli, aliposikia hadithi hii alitikisa kichwa. Akatueleza siri aliyoificha miaka. Alijiunga na upatu wa mjini ulioahidi kwamba ukipanda hela inazaa mara mbili. Alipanda shilingi 50,000, baada ya wiki kadhaa akapewa 100,000. Hakuuliza hela hiyo imezalishwa na kazi gani. Akauza ng'ombe mmoja, akapanda tena hela yote. Mara ya pili sufuria ikafa. Wenye upatu walifunga ofisi, wakatoweka.

Upatu wa kweli wa majirani ni jambo jema. Watu kumi wanachanga, kila mwezi mmoja anapokea, na hakuna hela inayozaa. Kila mtu anapata alichotoa. Lakini ule unaoahidi kuzaa unawalipa wa mbele kwa hela za wanaokuja nyuma. Siku wapya wakikosekana, umekwisha. Kwa hiyo mtu akikuahidi faida kubwa, muulize swali moja: faida hii inatoka kwenye kazi gani? Kama jibu halieleweki, kumbuka sufuria. Tamaa mbele, mauti nyuma.

KITABU CHA TATU: WASIFU WA SITI BINTI SAAD

Shaaban Robert wa Tanga, aliyeishi mwaka 1909 mpaka 1962, aliandika vitabu vingi. Wengi wanayajua mashairi yake. Sisi tunakupendekezea kitabu chake kidogo juu ya maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa Unguja.

Siti alizaliwa Fumba, Unguja, karibu mwaka 1880. Jina lake la kwanza lilikuwa Mtumwa. Wazazi wake walikuwa watu maskini, wakulima na wafinyanzi. Shule hakusoma. Alibeba vyungu akaenda kuviuza mjini kwa miguu. Njiani aliimba, na sauti yake ilitangulia. Watu wakiisikia walijua mwenye vyungu anakuja. Tazama hapo: alikuwa na tangazo la biashara asilolilipia hata senti.

Mwaka 1911 alihamia mjini. Alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini hivi, na ndipo akajifunza uimbaji kwa walimu. Mwaka 1928 alisafiri mpaka Bombay, Uhindi, akarekodi nyimbo kwenye santuri. Santuri hizo ziliuzwa pwani yote ya Afrika Mashariki. Alifariki mwaka 1950, na jina lake halijafa.

Wako waliomcheka kwa asili yake na kwa sura yake. Yeye aliwajibu kwa kazi. Tunakipenda kitabu hiki kwa sababu kinatuhusu sisi tuliochelewa. Mara ngapi umesikia mtu akisema, "Mimi nimeshazeeka, nijifunze nini sasa"? Siti alianza masomo yake mapya katika umri ambao wengi husema basi. Dada mmoja wa kikundi chetu anakaanga maandazi. Baada ya kusoma wasifu huu alijiuliza, "Mimi sauti yangu ni ipi?" Akaona kwamba watu humsifu kwa kuamka mapema. Sasa saa kumi na moja na nusu alfajiri yuko kituo cha basi na maandazi ya moto, kabla mtu mwingine hajawasha moto. Hakuongeza mtaji. Ametumia kile alichokuwa nacho.

KITABU CHA NNE: TAJIRI WA BABELI

Kitabu hiki kiliandikwa na Mmarekani, George S. Clason. Kilitoka mwaka 1926, na jina lake la Kiingereza ni The Richest Man in Babylon. Sisi hatujui Kiingereza. Kijana wa mwenzetu aliyemaliza kidato cha nne alikisoma, akatufasiria jioni nne mfululizo. Usione haya kusomewa na mtoto wako. Yeye anafanya mazoezi ya Kiingereza, wewe unapata maarifa.

Hadithi zake ni za kubuni, za mji wa kale wa Babeli. Arkad ni karani maskini anayechora maandishi kwenye vigae vya udongo. Tajiri mmoja anamfundisha kwamba katika kila anachopata, sehemu moja ya kumi aiweke iwe yake. Arkad anashangaa: si zote ni zangu? Tajiri anamwonyesha kwamba zote anawapa wengine: mshonaji, muuza chakula, mwenye viatu. Yeye mwenyewe hajilipi kitu.

Arkad anaweka akiba mwaka mzima. Halafu anampa mfyatua matofali anayesafiri, amnunulie vito vya thamani. Mfyatua matofali anarudi na vipande vya chupa. Tajiri anamgombeza: kwa nini umemwuliza mtu wa matofali habari za vito? Somo hili ni letu kabisa. Ukitaka kufuga kuku, mwulize aliyefuga akauza, na umwulize pia aliyefuga wakamfia. Usimwulize mtu wa kijiweni.

Baadaye Arkad anamkopesha fundi wa ngao hela za kununulia shaba, na fundi anamlipa kodi ya hela hizo. Lakini kodi hiyo yote Arkad anaila kwa karamu na nguo nzuri. Tajiri anamgombeza tena. Faida ni kama watoto wa akiba. Ukiwala watoto, nani atakufanyia kazi kesho?

Hapo palikuwa na mabishano makali. Mama mmoja alisema, "Sehemu ya kumi ya nini? Mwezi wa pili mimi sina hata unga." Alisema kweli, na mwandishi wa Marekani hakuijua njaa ya mwezi wa pili. Tulijadiliana, tukakubaliana hivi. Mkulima hapati mshahara kila mwezi, kwa hiyo asiweke akiba kila mwezi kama karani. Aweke wakati wa mavuno. Ukivuna debe kumi, debe moja lifungwe pembeni siku hiyo hiyo, kabla hujauza hata kisado. Ukiuza pamba ukapata shilingi 200,000, basi 20,000 iende kwenye kikoba kabla hujafika sokoni. Akiba haiozi.

Na debe hilo moja lina kazi kubwa. Mtu asiye na akiba, mtoto akiugua usiku, hukimbilia mikopo ile ya mitaani tunayoiita kausha damu. Anakopa 50,000, anadaiwa kila siku, na akishindwa vyombo vyake vinachukuliwa. Akiba ya mavuno ni kinga ya siku hiyo.

KITABU CHA TANO: DAFTARI LAKO

Sasa tumefika kwenye kitabu kilicho bora kuliko vyote kwa biashara yako. Hakiuzwi kikiwa kimeandikwa. Unakinunua kikiwa kitupu.

Chora mistari upate nafasi tano: tarehe, maelezo, zilizoingia, zilizotoka, na baki. Tazama mfano huu wa siku moja:

Baki ya jana: 20,000.
Mauzo ya leo: zimeingia 14,500. Baki 34,500.
Kununua sabuni: zimetoka 9,000. Baki 25,500.
Bodaboda ya mzigo: zimetoka 2,000. Baki 23,500.
Mteja amelipa deni: zimeingia 3,000. Baki 26,500.

Jioni hesabu hela za sandukuni. Kama ni 26,500, lala salama. Kama si hiyo, tafuta kosa usiku huo huo, maana kesho utakuwa umesahau. Hela zilizopokelewa kwa simu nazo ziandikwe. Watu wengi husahau hela za simu kwa sababu hawazishiki mkononi.

Madeni yawe na ukurasa wake. Na wewe mwenye duka, ukichukua chumvi ya nyumbani, jiandike. Chumvi ya dukani si ya bure kwa sababu duka ni lako.

Daftari litakuonyesha kitu ambacho macho hayaoni. Chukua mfano wa sukari. Tuseme umenunua kilo 25 kwa shilingi 62,500, na usafiri shilingi 2,500. Jumla 65,000. Kila kilo imekugharimu 2,600. Ukiuza kilo moja kwa 3,000 utapata 75,000, faida 10,000. Sasa, kama umekopesha kilo nne na hazikulipwa, umekosa shilingi 12,000. Faida yote imekwenda, na mtaji umepungua kwa 2,000. Yaani umefanya kazi ya kuuza kilo 21 halafu umelipa wewe! Ndiyo maana wazee walisema kukopa harusi, kulipa matanga.

DUKA LETU LEO

Tulimwomba radhi muuza duka wetu. Tulimtukana mbele ya watu, kwa hiyo tulimwomba radhi mbele ya watu, kwenye mkutano wa kitongoji. Wanakikundi tulilipa mistari yetu 64 kwa miezi miwili. Kwa wengine tulipata shilingi 51,000. Shilingi 22,000 hazijarudi mpaka leo. Tumeziandika kwenye ukurasa wa hasara, na hatuzungumzi tena.

Alikubali kurudi kwa sharti moja. Kila Jumamosi daftari lisomwe kwa sauti mbele ya wote, na kila Jumamosi asome mtu mwingine. Kwanza tulidhani ni adhabu yetu. Kumbe ndiyo kinga yake, na ndiyo kinga yetu pia. Mtu akisikia jina lake linasomwa mara mbili, mara ya tatu halisikiki, ameshalipa. Soda sasa kila mtu anajinunulia.

Duka si kubwa. Rafu zimejaa, basi. Lakini mwenzetu anatembea kisimani bila kuinamisha kichwa, na hilo halina bei.

JINSI YA KUVIPATA VITABU NA KUVISOMA

Uliza maktaba ya mkoa, shule ya sekondari iliyo karibu, au mwalimu wa kisomo. Vitabu vya Shaaban Robert na Abunuwasi mara nyingi hupatikana madukani mjini. Changeni watu watano mnunue kimoja, halafu kizunguke.

Msisome haraka. Ukurasa mmoja unaoeleweka unashinda kurasa kumi za kukimbia. Mkimaliza sura, kila mmoja aseme neno moja atakalolifanya wiki hiyo. Kitabu kisichokufanya ubadili kitu kimekupitisha muda tu.

MASWALI YA KUJADILI KIKUNDINI

1. Kwa nini mtaji wa duka ulipotea? Taja sababu tatu.
2. Unoka aliandika madeni yake ukutani. Je, kuandika kunatosha? Kama hakutoshi, kinahitajika nini zaidi?
3. Upatu wa majirani na upatu unaoahidi kuzaa vinatofautianaje?
4. Siti alikuwa na sauti. Wewe una nini ambacho hukijatumia?
5. Katika kijiji chenu, ni wakati gani unafaa kuweka akiba?

ZOEZI

Nunua daftari, hata liwe dogo. Kwa siku saba andika kila senti inayoingia na inayotoka, hata ya kiberiti. Usibadili matumizi yako kwanza, andika tu. Siku ya nane soma ulichoandika kwa sauti, mbele ya mumeo au mkeo. Halafu mwambiane kitu kimoja mtakachokiacha na kimoja mtakachokiongeza.